Sauti ya Cosmas kwenye Ramani ya Mto

Columbia Heights,
Washington, D.C.
Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Elieth,

Nakusalimu kwa upendo wote uliobaki katika mkono huu unaotetemeka. Natumaini barua itakukuta mzima hapo Makambako, na kwamba goti lako limetulia sasa baridi imepungua. Je, Tito amepata uhamisho aliouomba? Na Shangazi Euphrasia, macho yake yakoje baada ya upasuaji? Mwambie nilifurahi sana niliposikia kwamba sasa anatambua sura za watu kanisani na kuanza kuwasema.

Kabla hujaendelea nakuomba jambo moja. Isome barua hii mchana, ukiwa umekaa, na Tito akiwa karibu. Usiisome peke yako.

Mimi hali yangu si nzuri, na sitakuficha. Maji yanajaa kwenye mapafu, moyo umechoka kuyasukuma. Daktari alimweleza binti yangu Violet kwenye korido akidhani sisikii. Alisema majuma, hakusema miezi. Masikio yangu bado mazuri, mwanangu. Ukifika mwisho wa barua utaona kwa nini jambo hilo linanitisha.

Violet anaendelea na kazi yake ya uuguzi, zamu juu ya zamu. Asubuhi huja Cherono, mama wa Kikenya anayenihudumia. Husafiri kwa treni kutoka Manassas, kwa hiyo akifika huwa ameshachoka kabla ya kuanza, lakini mdomo wake haujui uchovu. Leo amenikuta na kalamu. "Mzee, hiyo ni barua ama ni wosia? Si umpigie tu WhatsApp, mwonane uso kwa uso!" Nikamwambia kuna mambo ambayo uso hauwezi kuyasema. Akanifunga kile kitambaa cha presha, akasoma namba, akasema, "Basi andika haraka haraka, Mzee." Nafikiri alitaka iwe mzaha.

Nyumba yetu iko karibu na stesheni ya treni za chini ya ardhi. Kila dakika chache sakafu hutetemeka kidogo na vikombe hugongana kabatini. Violet anasema haisikii kabisa. Mimi huisikia kila mara, na kila mara huhesabu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, maana nimezunguka vya kutosha.

Mwaka jana, majira ya kuchipua, Violet alinipeleka maktaba ya mtaa kwa kiti cha magurudumu. Kulikuwa na meza kubwa ya kioo, ukubwa wa meza ya kulia chakula ya watu wanane, na juu yake mto unatiririka kwa mwanga. Kandokando ya mto palikuwa na nukta mamia. Ukigusa nukta, unasikia watu wanaimba, na sauti yao inajichora mbele yako kama mstari, ukipanda na kushuka kadiri sauti inavyopanda na kushuka. Nilitambua mara moja. Zilikuwa nyimbo za wavuta mashua wa Sichuan, wale waliokuwa wakivuta vyombo kwa kamba mabegani dhidi ya maji.

Unajua kwamba nilisomea Kichina Beijing kabla Wachina hawajaanza kutujengea reli. Ndiyo maana nilipokuwa mkalimani kwenye kambi ya ujenzi waliniita Profesa. Nikaona kwenye meza ile neno moja limeandikwa kwa herufi isiyo yake, nikamwambia binti aliyekuwa amesimama pale. Alinitazama kama vile kiti cha magurudumu ndicho kimesema. Anaitwa Yiting. Yeye na wenzake wawili ndio wanaobuni meza ile, ili urithi wa watu wa kwao uguswe na mtu yeyote, hata asiyejua neno la Kichina. Itawekwa kwenye ukumbi wa maonyesho mwezi Januari, na siku hiyohiyo itafunguliwa kwenye simu za watu dunia nzima. Hata yako.

Tukawa marafiki. Amekuwa akija hapa nyumbani na kioo kidogo cha majaribio, kunitumia kama mzee wa kupimia. Vidole vyangu vinatetemeka, kwa hiyo nilikuwa nagusa nukta hii inaitika ile. Akazipanua nukta zote, kila moja ikapewa uwanja wake usioonekana, kidole kikikosea kidogo kisamehewe. Nilimuuliza kwa nini hakutumia rangi nyekundu, maana kila kitu cha Kichina hapa mjini hupakwa nyekundu. Akacheka, akasema, "Babu, nyekundu ni ya mikahawa. Mto wetu ni wa kahawia, na nguo za wavutaji zilikuwa za buluu iliyopauka."

Kuna kipande kimoja cha ubunifu wake ambacho sikipendi. Kwenye ukingo wa chini wa kioo kuna upau wa miaka. Ukitelezesha kidole juu yake kutoka zamani kuja leo, nukta zinazimika moja moja, kadiri waimbaji wanavyokufa. Ukifika mwaka huu zimebaki saba.

Nilimuuliza kama haoni kwamba anatisha watu. Alinijibu hivi: "Mimi simshtaki mtu, Babu. Kazi ya mchoro ni kuweka vitu viwili karibu. Anayeviona ndiye anayejua." Jibu hilo limekaa kifuani mwangu pamoja na yale maji.

Sasa nikueleze ni kitu gani nilimpa.

Ndani ya kopo la zamani la majani ya chai, ambalo nimehama nalo nyumba kumi na moja, kulikuwa na kanda ya kurekodia ya mwaka 1972. Aliirekodi mhandisi mmoja wa kambi yetu, Fundi Luo, ambaye vibarua walimwita Bwana Pima kwa sababu hakupita mahali bila kupima. Baba yake alikuwa mvuta mashua. Luo aliimba nyimbo za baba yake kwenye mashine ya kambi ili zisipotee. Yiting alipoisikia alilia. Nyimbo mbili zilizomo hazipatikani popote pengine.

Na wimbo mmoja, Elieth, hauimbwi na Luo. Luo alimfundisha nyapara wake, naye akauimba kwa Kichina cha kuokoteza, kwa sauti nzito ya kuvutia vyuma. Nyapara huyo ni baba yako. Ni kaka yangu Cosmas.

Najua sasa umeiweka barua chini. Ichukue tena. Wewe ulizaliwa mwezi mmoja baada ya kifo chake na hujawahi kuisikia sauti yake. Mimi nilikuwa nayo kwenye kopo la chai miaka hamsini. Hilo ni kosa la kwanza, na ndilo dogo.

Yiting alinipa fomu ya kujaza. Mwimbaji, mahali, tarehe, saa. Kwenye wimbo wa Cosmas, mahali pa mwimbaji nikaandika: hajulikani. Pale pa saa niliacha wazi.

Nikueleze sasa asubuhi ile ya tarehe 14 Agosti 1972. Ulielezwa tangu utotoni kwamba baba yako aliingia kwenye mkato wa mlima, pale reli ilipopasuliwa njia, akiwa amelewa komoni, akapuuza filimbi ya onyo, na baruti ikamkuta. Ulielezwa hivyo na mama yako, Domina, Mungu amrehemu. Naye alielezwa na mimi.

Baba yako hakuwa amelewa. Hakupuuza. Alifanya kile nilichomwambia.

Tulikuwa watatu tu pale asubuhi, nje ya kibanda cha zana: Luo, Cosmas na mimi. Vibarua wengine walikuwa bado kwenye uji. Luo alikuwa amewasha mashine kurekodi wimbo. Baada ya wimbo, kabla hajaizima, akatoa maagizo ya siku. Upande wetu wa mlima ungelipuliwa saa fulani, na nyapara ahakikishe vyuma vya kutobolea vimetolewa mapema. Kazi yangu ilikuwa kuitafsiri saa ile.

Nifuate taratibu hapa, kwa sababu maisha ya baba yako yalipita kwenye tundu hili dogo. Wachina huhesabu saa kama Wazungu. Saa yao ya kumi ni saa nne yetu ya asubuhi. Saa yao ya nne mchana ni saa kumi yetu ya jioni. Namba hizo mbili, nne na kumi, zinabadilishana viti ukivuka kutoka lugha yao kuja kwetu. Hilo nililijua vizuri, nilikuwa nalifanya kila siku.

Lakini Beijing walinifundisha kwamba nne ni "si", nayo sauti hushuka, na kumi ni "shi", nayo sauti hupanda. Luo hakuwa mtu wa Beijing. Kwao mtoni nne na kumi zote ni "si", na sauti inayoshuka ndiyo ya kumi. Asubuhi ile alisema "si" kwa sauti ya kushuka. Alisema kumi. Mimi, kwa sikio langu la chuo, nikasikia nne. Nne yao ni saa kumi yetu. Nikamgeukia kaka yangu nikamwambia: saa kumi.

Na hapa ndipo panaponinyima pumzi. Luo alikuwa ameshajifunza kuhesabu Kiswahili mpaka ishirini. Yeye kasema kumi kwa lugha yake, na akanisikia nikisema "kumi" kwa yetu. Akafurahi. Akaitikia kwa kichwa, akairudia mwenyewe: "Kumi, kumi." Kama ningetafsiri sawasawa angesikia "nne", angeshtuka, angeuliza, tungecheka sote watatu na kuelezana. Kosa langu lilivaa nguo za ukweli, na kila mtu akaliachia lipite.

Mpaka hapo ungeweza kusema ni bahati mbaya. Nimejaribu kusema hivyo mara nyingi. Lakini kuna jambo ambalo halimo kwenye kanda. Luo alipotaja saa ile aliinua mikono, akavusha kidole kimoja cha shahada juu ya kingine, kama msalaba. Kwa Wachina hiyo ni ishara ya kumi, na umbo hilo ndilo herufi yao ya kumi. Niliiona, Elieth. Nilijua maana yake. Moyo ukaniambia uliza tena.

Sikuuliza. Cosmas alikuwa ananitazama kwa lile tabasamu lake la kaka mkubwa, na wiki hiyo alikuwa amenitania mbele ya watu kwamba Profesa anatafsiri kwa kubahatisha. Niliona haya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na niliona haya kuuliza namba.

Kwenye kanda utamsikia akisema, "Kumi? Mbona jana alisema mapema?" Utanisikia nikimjibu, "Kumi, kaka. Au unataka kuja kutafsiri wewe?" Naye anacheka. "Haya, Profesa, usinichape. Kumi ni kumi. Basi nakwenda kutoa vyuma vyangu polepole. Uniwekee uji, sijatia kitu mdomoni tangu jana."

Hajatia kitu mdomoni tangu jana. Imo kwenye kanda, kwa sauti yake.

Filimbi ilipigwa saa nne kasoro dakika tano. Mlima ule ulikuwa na mikato miwili, na filimbi ilikuwa moja. Aliisikia, wenzake waliokuwa mbali walimwona akigeuza kichwa. Akaendelea kukusanya vyuma. Alijua ya upande wetu ni saa kumi, mdogo wake amemwambia.

Mimi nilikuwa nimeushika uji wake.

Kamati ikaundwa siku ya tatu. Mkalimani wa Wachina alikuwa kitandani na malaria, kwa hiyo waliniita mimi nimtafsirie Luo. Alisimama mbele ya wale wakubwa, macho mekundu, akasema kwa Kichina: "Nilimwambia kumi, naye akamwambia kumi, nilisikia kwa masikio yangu." Nami nikageuka, nikasema kwa Kiswahili cha haraka ambacho Luo hakuweza kukidaka: "Anasema alitaja saa nne, nami nikamwambia marehemu saa nne." Wakaandika. Mmoja akauliza sasa kwa nini marehemu aliingia. Nikasema nilisikia harufu ya komoni.

Hakuna aliyenilazimisha. Sentensi ile ilitoka yenyewe, laini, kama inayotoka kitabuni.

Siku Luo alipomaliza mkataba, mwaka 1974, alinijia akiwa na kopo la chai. Alikuwa ameshajua Kiswahili vya kutosha, na saa zetu pia. Aliniambia, "Humu mna nyimbo za baba yangu, na moja ya kaka yako. Mwisho wake unaujua." Niliisubiri adhabu yangu kutoka kwake, akanipa mikononi niitunze mwenyewe.

Unajua yaliyofuata kuliko mimi. Ubao wa majina ya waliokufa kazini kwenye kambi yetu haukuwa na jina la Cosmas. Padri alimzika kwa maneno machache, na ya onyo. Mama yako aliomba miaka thelathini na saba roho ya mumewe isamehewe ulevi ambao hakuwahi kuufanya, mpaka akafa naye akiamini.

Na wewe. Mwaka 1995 uliniandikia kuniuliza juu ya Christopher, yule mwalimu wa Njombe, kwamba ni mtu mwema lakini Jumapili hunywa komoni na wenzake. Nina barua yako hapa. Nilikujibu, "Usirudie msiba wa mama yako." Ukamkataa. Ukamlea Tito wa marehemu dada yako peke yako, na nyumba yako ikawa kimya. Mimi ndiye niliyekuandikia maneno yale, nikijua. Nilipiga chapa juu ya uongo ule kwa mkono huuhuu.

Sasa kwa nini naandika leo na si jana.

Majuma mawili yaliyopita Yiting alikuja na kioo chake, akaweka wimbo wa Cosmas. Akaniuliza, "Babu, dakika ya mwisho si wimbo, ni watu wanazungumza. Mimi Kiswahili sijui. Niikate?" Elieth, nikasema: ikate. Sikufikiri hata kidogo. Miaka yote hii, na sentensi ikatoka laini vilevile.

Akaikata. Lakini kwenye ubunifu wake hakuna kinachokatwa kikapotea. Panapotolewa kitu mchoro huacha kovu la kijivu, ili mtazamaji ajue kuna sauti imeondolewa. Kwa hiyo sasa nukta ya baba yako, mbali na mto, peke yake upande wetu wa dunia, ina mstari wa buluu unaopanda na kushuka, halafu kijivu.

Na si hilo tu. Nilipotelezesha kidole kwenye ule upau wa miaka, nukta nyingine zikazimika kwa utaratibu. Ya Cosmas haikuzimika. Ilipepesa. Nikamuuliza Yiting kama imeharibika. Akasema hapana, ni kwa sababu mwimbaji hajulikani. "Asiyejulikana hana tarehe ya kufa, Babu. Mashine haijui imzime lini." Ikaendelea kupepesa mbele yetu, haiwaki, haizimi.

Kisha akanionyesha ukurasa mpya anaojivunia. Ni wa kuhesabu, maana nyimbo nyingi za kuvuta ni za hesabu. Unagusa mji huu na mji ule, na sauti za namba zinachorwa moja juu ya nyingine. Akaniambia nijaribu. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye nne ya Beijing, kisha kwenye kumi ya kwao Luo. Mistari miwili ikashuka pamoja, mmoja juu ya mwingine, karibu kabisa. "Tazama," akasema kwa furaha, "zinafanana! Mtu angeweza kukosea, si ndiyo?"

Nikamjibu ndiyo, mtu angeweza.

Ameniambia data zote zitafungwa Ijumaa hii. Baada ya hapo hakuna kuongeza wala kurudisha. Nimekuwa nikiitazama Ijumaa hiyo kama nilivyopaswa kuitazama ile saa. Safari hii filimbi naisikia, na najua ni ya upande wetu.

Nitaiacha barua hapa leo. Kifua kimebana na Cherono ananiangalia vibaya.

Ijumaa, 7 Novemba

Naendelea. Nimepungukiwa na nguvu, basi mistari itakuwa mifupi.

Jana nilimweleza Violet. Alikuwa ameshika sufuria ya chai. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka chini bila kuimimina, akatoka nje kwenye ngazi bila koti. Aliporudi aliniuliza swali moja tu: "Da Elieth anajua?" Nikamwonyesha kurasa hizi. Akasema, "Basi malizia, Baba. Mimi siwezi kukusaidia kuibeba hiyo." Leo ameondoka kazini bila kunibusu kichwani. Ni haki yake.

Asubuhi Yiting amekuja. Nilimwambia airudishe dakika ile ya mwisho, yote, na nikamtafsiria neno kwa neno. Ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza ya kweli ya maneno yale. Alikuwa anaandika, kisha akaacha kuandika. Cherono alikuwa kwenye mlango na taulo mkononi. Alisikia Kiswahili kikitoka kwenye kile kioo, sauti ya kijana anacheka na kuomba uji, akaniuliza, "Huyo ni nani, Mzee? Ana sauti poa sana." Nikamwambia ni kaka yangu mkubwa, ana miaka ishirini na tisa.

Yiting hakunihukumu. Aliuliza tu kama nataka jina langu lionekane kama mkalimani. Nikasema lionekane, kwa herufi zilezile na ukubwa uleule wa jina la Cosmas. Kisha akanirudishia ile fomu niliyoijaza kwa uongo, nikaifuta, nikaandika upya.

Kabla ya Januari atakutumia kanda nzima kupitia simu ya Tito, ili uisikie kabla ya mgeni yeyote. Katikati ya wimbo utamsikia anakosea neno, anacheka, anamwambia Luo kwamba Domina amesema mtoto aliye tumboni anacheza ngoma, na kwamba lazima ni kwa sababu ya kelele hizi za Kichina. Huyo mtoto ni wewe. Kumbe mmo nyote wawili.

Sikuombi unisamehe. Naomba barua hii isomwe kwa sauti kanisani, mbele ya wale waliorithi hadithi ya komoni, na nakala iwekwe pamoja na karatasi za mama yako. Kama Christopher yu hai, asomewe naye. Ukiona vema kutolitaja tena jina langu katika sala zako, usilitaje. Jina la Cosmas litajwe.

Cherono ataipeleka posta leo akielekea stesheni. Nimemwambia aitie mwenyewe mkononi mwa karani. Ameapa, na ameniuliza kwa nini nalia kama tumeshamaliza kuandika.

Mpe Shangazi Euphrasia salamu zangu, umwambie haya polepole, amekwisha kuzeeka. Msalimie Tito, na umwambie akuruhusu kunyamaza muda wowote unaotaka. Wasalimie wote wanaolima lile shamba la bonde ambalo Cosmas alilifyeka.

Mungu akupe usingizi ambao mimi sikuwa nao, na siku ukiisikia sauti ile akushike mkono. Kuhusu fomu, nakunakilia nilivyoiandika ili uilinganishe na itakayoonekana kwenye kioo, maana hupaswi tena kuniamini bila kuhakiki:

Mwimbaji: Cosmas, nyapara, mume wa Domina, baba yake Elieth.
Mahali: nje ya kibanda cha zana, kambini, chini ya mlima.
Tarehe: 14 Agosti 1972.
Saa: alikufa saa nne asubuhi. Aliambiwa saa kumi.

Yiting aliyaingiza maneno hayo mbele yangu, kisha nikatelezesha kidole changu kwenye upau wa miaka. Ilipofika Agosti ile, nukta ya kaka yangu iliacha kupepesa. Ikazimika mahali pake.

Wako akupendaye, na aliyekuogopa tangu siku uliyozaliwa,
Baba yako mdogo, yule aliyesema kumi,

Boniface